Handaka na Lebo Zake

Huku Semarang, kisiwani Java, kipofu mwenye mikono imara hugeuziwa mgongo aukande. Ndivyo tulivyozoea, na hakuna anayeona haya. Tri Handaka alipofushwa na homa akiwa bado mtoto wa kucheza gololi, na shule aliyopelekwa ilikuwa na somo la kukanda kila siku. Hesabu na historia zilipewa muda uliobaki. Walimu wake walikuwa watu wema. Waliona watu wa mjini wana migongo inayouma na watoto hawa wana vidole, wakadhani wamewapatia jibu la maisha yao. Hakuna aliyemuuliza mtoto hata mmoja kama analipenda jibu hilo.

Handaka hakulipenda. Alikanda, maana tumbo halina subira, katika nyumba moja ya kukandia nyuma ya stesheni ya Poncol, na alikanda vizuri. Lakini kila mteja aliyelala kifudifudi mbele yake alimuudhi. Walizungumza naye kama mtu anavyozungumza na feni. "Hapo hapo, Mas, bonyeza. Hebu ona, kipofu huyu ana mkono mzuri," mmoja angemwambia mwenzake wa kitanda cha pili, kana kwamba homa ile ilichukua na masikio. Jina lake hawakulijua wala hawakuliuliza; Mas, yaani kaka, iliwatosha. Naye alitaka siku moja afanye kitu ambacho mtu akikipenda atauliza, nani amekifanya hiki, na ajibiwe kwa jina: Handaka. Hakutaka kingine. Ukikisema hivi kwa mdomo kinaonekana kidogo, lakini kilimkaa rohoni miaka na miaka.

Njia ya kukipata aliioneshwa na Bu Retnani, yaani Mama Retnani, mwanamke kipofu kama yeye, aliyekuwa akifundisha kompyuta zinazosema katika ukumbi wa chama cha vipofu. Unabonyeza kibodi, na sauti ya kike iliyomo kwenye mashine inakusomea kilichopo kwenye skrini. Handaka alidhani atafundishwa kuandika barua. Bu Retnani akamfungulia ukurasa wa mtandao, tena si sura yake, bali matumbo yake.

"Sikiliza," alimwambia. "Unasikia nini?"

"Mabano. Mabano tupu. Na mkwaju. Bu, hii mashine imeharibika?"

"Nzima kabisa. Hizo ni lebo. Wenye macho wakifungua ukurasa wanaona mapambo, hawajui kwamba chini yake kuna maandishi makavu kama haya. Kivinjari, ile programu inayofungua kurasa, ni kitiifu, lakini akili hakina. Hakijui kichwa cha habari ni kipi wala aya inaanzia wapi. Lazima ukiambie."

"Nakiambiaje?"

"Ndani ya mabano yenye ncha unaandika h na moja. Hapo umekiambia, kuanzia hapa ni kichwa kikuu. Unaandika maneno yako. Kisha unairudia lebo ile ile, ila unatanguliza mkwaju, ule mstari wa mshazari: kichwa kimeishia hapa. Lebo zenyewe msomaji hazioni. Kivinjari kinazimeza, kinatii."

"Kinatii hata kama aliyeandika ni kipofu?"

"Kitajuaje, we?"

Handaka alicheka mpaka watu wa meza nyingine wakageuka. Tangu nyumba ya kukandia ifungue mlango kwake hakuwahi kukutana na mtu au kitu kisichojua kwamba yeye ni kipofu.

Akajifunza kwa pupa. Lebo ya aya, lebo ya orodha, lebo ya kiungo, lebo ya jedwali yenye vijumba ndani ya vijumba. Alizipanga kwa masikio, akifungua na kufunga. Kwa mwenye macho, lebo ya kichwa cha habari maana yake ni herufi kubwa nyeusi, basi. Kwa Handaka ilikuwa pa kukanyaga. Alibonyeza herufi moja, na ile sauti ikaruka kutoka kichwa hadi kichwa, hadi pale anapopataka. Ukurasa usio na lebo ulimlazimu kusikiliza kila neno tangu juu hadi chini, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kumwambia nini ni nini. Ndiyo maana kazi yake aliifanya kwa uangalifu ambao wenye macho waliuona kuwa ni ushamba.

Kazi ya kwanza alipewa na Bu Lanny, muuza bandeng, wale samaki wetu wanaopikwa kwa mvuke mpaka miiba ikalainika. Na katika kazi hiyo ya kwanza Handaka alisahau mkwaju mmoja. Kichwa cha habari kilifunguliwa, hakikufungwa. Kivinjari, kitiifu vile vile, kikauchukua ukurasa mzima kuwa ni kichwa cha habari. Aliyegundua alikuwa Ningrum, msichana aliyeuza pale dukani. Akapiga simu.

"Mas, huu ukurasa wako unapiga kelele."

"Unapigaje kelele?"

"Maneno yote ni makubwa kama bango la uchaguzi. Hata 'Jumapili tumefunga' imeandikwa utadhani tumefiwa."

Handaka aliona aibu hadi jasho likamtoka. Aliupata mkwaju uliokosekana upesi sana, lakini Bu Lanny hakutaka uwekwe. "Acha hivyo hivyo!" alifoka. "Wateja wangu ni wazee, miwani wanaisahau nyumbani." Ikabidi Ningrum ambembeleze tajiri wake kwa niaba ya Handaka, na Handaka naye akawa anapiga simu kila siku kuuliza mambo yamefikia wapi. Mambo yalifikia kwenye ndoa. Ningrum akaacha duka, akafungua kibanda cha pecel mbele ya nyumba yao, mboga za kuchemsha na mchuzi wa karanga, na ile sauti ya kwenye kompyuta akaipa jina la mke mwenza. "Unamsikiliza yeye mchana kutwa," alimwambia mumewe, "mimi nikikuita mara moja tu unasema ngoja."

Siku moja Bu Lanny alimpigia Handaka. Kuna bwana mmoja, Pak Gunadi, mwenye ofisi ya kutengeneza kurasa, alikuja kununua samaki akasema ukurasa wa duka unafunguka haraka hata kwenye simu mbovu. "Akaniuliza, nani amekutengenezea?"

"Alisema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema. Nikamwambia, Handaka."

"Bu, hebu rudia."

"Nirudie nini? Wewe nawe!"

Pak Gunadi alimchukua. Ofisini Handaka aliandika mifupa, wengine wakavalisha rangi. Shule, kliniki, wauza batiki, chama cha wafuga njiwa. Kwa miaka mingi hakuna ukurasa uliotoka katika ofisi ile bila kupita kwenye masikio yake. Pak Gunadi alipenda kusema mbele ya watu, "Nyumba hii yote imesimama juu ya mifupa ya Mas Han," na watu wakacheka kidogo, na Handaka akarudi nyumbani akitembea kama mwenye mji. Jina lake halikuandikwa popote kwenye kurasa hizo. Hakudai. Alijiambia inatosha kwamba wenzake wanajua.

Halafu yakaja mabango. Mtu yeyote wa hapa anajua ninachosema. Siku hizi huku kwetu harusi ni bango, msiba ni bango, mkutano wa mtaa na zamu ya kuzoa taka ni bango, vyote vimepambwa kwa maua na kurushwa kwenye makundi ya Watsapu. Wateja wakataka na kurasa zao ziwe vivyo hivyo: chukua bango, bandika, kwisha. Ofisini akaajiriwa Arka, kijana mpole, mwenye mkono mwepesi wa rangi, na Arka akawa anabandika. Sasa bango ni maneno yaliyogeuzwa kuwa picha. Wenye macho wanayasoma bila shida. Kivinjari kinachokiona ni lebo moja tu ya picha, na ile sauti ya kike ikifika hapo haina cha kusoma.

"Arka," Handaka alimwita siku moja, "ukurasa wa kliniki hauna maneno."

"Umejaa maneno, Mas! Zamu za madaktari zote zipo."

"Zimo ndani ya picha. Mimi hapa sijui kama ni zamu za madaktari au ni picha ya mbuzi."

"Mbuzi hayupo, Mas."

"Ningejuaje? Kwenye lebo ya picha kuna nafasi ya maelezo. Mwenye macho haioni, lakini sisi mashine inatusomea. Andika humo. Mstari mmoja tu."

"Inggih, Mas."

Na hiyo inggih yetu, jamani. Ni ndiyo ya adabu. Mjava akishaitamka amekuheshimu, hajakuahidi kitu. Handaka ni Mjava, alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado kila asubuhi alikwenda kusikiliza kama maelezo yamewekwa. Hayakuwekwa. Wagonjwa vipofu wa kliniki ile, kama wapo, waliendelea kuuliza kwa jirani.

Baadaye Pak Gunadi alinunua programu mpya ya kujengea kurasa. Hakuna kuandika lebo tena. Unashika kitu kwa kipanya, unakiburuta, unakiachia unapotaka. Handaka hatumii kipanya, maana mshale haumsemeshi, na kibodi yake ndani ya programu ile iligonga ukuta. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake imekwisha. Kusema jambo kama hilo usoni pa mtu ni ukosefu wa adabu, kwa hiyo wakamwacha aligundue mwenyewe kutokana na ukimya wa meza yake.

Alikwenda kwa Pak Gunadi.

"Pak, siku hizi siletewi kazi."

"Tulia tu, Mas Han. Umeshatufanyia mengi. Pumzika."

"Sijachoka, Pak."

"Najua, ndiyo maana tunakupenda." Akampigapiga begani. "Mshahara wako upo pale pale. Usiwe na wasiwasi hata kidogo."

Mtu mwenye hasira kama zangu angepindua meza. Handaka alisema ahsante, akarudi kukaa. Angekwenda wapi? Kila ofisi ya mji huu ilikuwa inaburuta, na kule nyuma ya stesheni vitanda vilikuwa vinamngoja. Akawa anakwenda kazini kila asubuhi kwa shati lililopigwa pasi, anakaa, anasikiliza kurasa zake za zamani zikizimwa moja baada ya nyingine na kuwekwa mabango. Wakamletea chai. Hakuna mtu aliyewahi kuletewa chai nyingi vile katika ofisi ile.

Ikatokea kampuni moja kubwa ya Jakarta inatafuta watu wa kufanya nao kazi, na inapendelea ofisi zenye moyo wa huruma. Pak Gunadi akaamua ukurasa wa ofisi yenyewe utengenezwe upya, uoneshe huo moyo. Arka akaja na kamera kwenye meza ya Handaka.

"Mas, tabasamu. Vidole juu ya kibodi, kama unafanya kazi."

"Niandike nini?"

"Chochote tu, Mas. Haitaonekana."

Handaka akaandika ukurasa mzima kutoka kichwani, kuanzia lebo ya kwanza hadi ya mwisho, akafunga kila alichofungua. Kamera ilikuwa inalia karibu na sikio lake.

"Arka. Picha hii utaiandikia maelezo?"

"Inggih, Mas."

"Usinipe inggih. Utaandika nini?"

Arka akashusha kamera. "Nitaandika jina lako, Mas. Na kwamba ndiye uliyeandika kurasa zetu zote. Si ndiyo ukweli?"

Jioni ile Handaka alimsimulia mkewe neno kwa neno. Ningrum hakuwa mtu wa kuamini upesi, lakini usiku huo alimkaangia vipande vya ziada vya tempe, ile soya yetu iliyochachushwa. Jina la mumewe kwenye ukurasa, hata kama ni pale ambapo yeye mwenye macho hawezi kulisoma, lilimfurahisha kuliko alivyokubali kuonesha.

Ukurasa ulipowekwa hewani, Handaka aliufungua akiwa ofisini, hedifoni masikioni. Hapakuwa na kichwa cha habari hata kimoja cha kurukia. Akashuka polepole. Sasa, picha ya kubonyeza, kama hizi za wafanyakazi, ikikosa maelezo, mashine haikai kimya. Husoma jina la faili, lile jina ambalo mtengenezaji amelitunga mwenyewe wakati wa kuhifadhi, akijua hakuna atakayeliona. Ile sauti ya kike, kwa upole wake wote, ikasema: *Picha. Kipofu, anatabasamu, ya mwisho, ya mwisho kabisa.*

Alirudi nyuma akasikiliza tena. Kisha akamwita Arka, akavua hedifoni, akampa avae.

"Astaga, Mas!" Kijana alivua hedifoni upesi. "Hilo ni jina la faili tu. Halionekani."

"Kwa nani halionekani?"

Arka akairudisha hedifoni mezani.

"Faili ya Pak Gunadi umeiitaje?"

"Mas, nilikuwa na haraka, picha zilikuwa nyingi..."

"Umeiitaje?"

"Pak Gunadi."

"Na ya Mbak Wening, dada wa hesabu?"

"Mbak Wening." Kijana alikuwa karibu kulia, na nadhani machozi yake yalikuwa ya kweli. "Nisamehe, Mas Han. Leo leo naandika maelezo. Haki ya Mungu."

Handaka alimwamini. Ndivyo nisivyomwelewa mtu huyu mpaka leo. Au labda namwelewa sana, ndiyo maana naudhika. Nyumbani hakumwambia Ningrum kuhusu faili. Alisema tu kwamba Arka amechelewa kidogo, maelezo yanakuja.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Mchana Arka alituma ujumbe wa sauti: "Nimeshaandika, Mas. Pak Gunadi mwenyewe amesaidia maneno. Mazuri sana, Mas, utafurahi." Handaka akaubeba ujumbe ule na kompyuta yake mpakato hadi kibandani, akavuta kiti akakaa kando ya mkewe. Ningrum alikuwa anasaga karanga kwenye kinu cha jiwe. Bu Tumirah, jirani wa mtaa wa pili, alikuwa anakula pecel yake taratibu.

"Wameweka?" aliuliza Ningrum.

"Wameweka."

"Umeshasikiliza?"

"Bado. Nimetaka tusikilize wote."

"Basi chomoa hayo madubwana ya masikioni. Weka kwa sauti."

"Kuna nini?" aliuliza Bu Tumirah, mdomo umejaa.

"Jina la Mas Han liko kwenye ukurasa wa ofisi yao, Bu," alisema Ningrum. "Mashine italisoma. Msikilize."

Handaka akapandisha sauti hadi mwisho. Akashuka kwenye ukurasa, akipita bango moja hadi jingine, kidole kikibonyeza kwa haraka kuliko kawaida yake. Bu Tumirah akaweka kijiko chini kwa heshima. Mashine ikasema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani: *Picha. Mlemavu wa macho mwenye furaha akitumia kompyuta.*

Jiwe la kusagia likasimama. Mashine ilishapita kwenye picha iliyofuata, *Pak Gunadi, mkurugenzi*, na iliyofuata hiyo, *Mbak Wening, mhasibu*, kabla Handaka hajaizima. Ningrum alimtazama mumewe, na alishukuru, kwa mara ya kwanza tangu waoane, kwamba mumewe hamwoni uso.

Bu Tumirah aligeuza kichwa huku na huku, akingoja. Alikuwa mwanamke mwema, hakutaka kupitwa na habari njema ya jirani.

"Sasa huyo waliyemsema mwanzo," aliuliza, "ni nani?"

"Sijui, Bu," alisema Handaka. "Hawakuandika."